Unga Wangu Niliuchemsha, Wako Je?

4 Machi

Mdogo wangu,

"Ukiweka kimeng'enya, pumba za ngano zitamkuza kuku sawasawa na mahindi." Maneno yako hayo, kwa mwandiko wako, kwa wino wako wa kijani. Ni uongo. Nakwambia kabla ya salamu, maana nikianza na salamu hasira itapoa.

Haya, hujambo? Kifua kinaendeleaje na lile vumbi la kiwandani? Mimi mzima, ila kichwa kinazunguka.

Sikiliza. Vifaranga wangu wote walianguliwa siku moja. Nimeligawa banda kwa waya sehemu tatu. Wa kwanza wanakula chakula changu cha zamani, cha mahindi. Wa pili wanakula pumba za ngano na ule unga wako wa kimeng'enya, nachanganya mwenyewe. Wa tatu wanakula vidonge vya chakula cha kuku vya kiwandani kwenu, ambavyo uliapa vina pumba zilezile na unga uleule. Leo wametimiza wiki tatu. Wa mahindi wana gramu mia nane. Wa pili na wa tatu hawafiki mia sita, na kinyesi chao ni gundi tupu. Maranda yamelowa, nikiingia, mguu unatoka, ndala inabaki.

Na usiniambie sikufuata maelekezo. Unga niliukoroga kwa maji yanayochemka, nikafunika, nikauacha upoe, ndipo nikaunyunyiza kwenye chakula. Usafi wote wa nyumbani kwetu.

Mpishi mkuu wa hospitali anakuja tarehe 26 na mizani yake. Kuku asiyefika kilo mbili hamchukui, na akiona wengi hawafiki anahamia kwa mfugaji mwingine. Bila hospitali, banda nalifunga. Nimesoma vitabu vyote ulivyonitumia, na viwili ambavyo hukunitumia. Vyote vinasema uko sahihi. Kuku wanasema umekosea. Nimwamini nani?

Dada yako


8 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kinapiga filimbi kidogo tu, usihofu. Wewe je, presha? Naomba upunguze makali: barua za huku zinafunguliwa ofisini kabla hazijanifikia. Karani amenikabidhi yako huku anafuta machozi ya kicheko. "Dada yako huyu," kasema, "angekuwa meneja tungekoma."

Sasa. ULICHEMSHA?

Dada, kimeng'enya ni protini, kama ute wa yai. Yai likishaiva utalirudisha libichi? Kazi yake ni kukata nyuzi za pumba, ambazo tumbo la kuku peke yake haliziwezi. Zisipokatwa zinavuta maji, uji tumboni unakuwa mzito, chakula kinapita bila kumjenga kuku. Ndiyo hiyo gundi yako. Umeviua vimeng'enya, ukawalisha kuku maiti zake.

Najua ulikoutoa huo ufundi. Mama alikuwa msafishaji wa wodi, akichemsha kila kitu: vijiko, vitambaa, hata sarafu za chenji. Lakini wewe, mwalimu mzima na miwani yako!

Nakutumia kopo jipya. Maji baridi. Usipike chochote.

Hao wa vidonge sijui. Labda wanapigwa na upepo.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima na kifua kimetulia. Presha yangu iko palepale, juu.

Nakubali nusu ya makosa, nusu nyingine naishikilia. Nilitumia maji baridi. Siku ya nne kinyesi cha wale wa pili kikaanza kukauka, nikakaa juu ya ndoo nikakitazama kwa furaha. Jirani akaniuliza nimepoteza nini. Jana wamefika kilo moja na gramu mia sita. Wa mahindi wana moja na mia tisa. Kwa hiyo pumba zinafanya kazi, na wewe si mwongo. Hapo nilikuonea.

Ila wa vidonge! Kilo moja na mia tatu, na gundi haijapungua hata kidogo. Ulisema upepo. Nikawahamisha upande wa pili, nao wa pili nikawaleta kwenye huo upepo wako. Wa pili wakaendelea kunenepa, wa vidonge wakaendelea kunata. Nikabadilisha vyombo vya maji, nikabadilisha maranda. Nimebakiza kubadilisha mfugaji.

Pumba zilezile, unga uleule, banda lilelile. Sielewi. Usiku nalala na swali, asubuhi naamka nalo, na mpishi anakuja baada ya siku sita. Unga wangu niliuchemsha mimi. Wako aliuchemsha nani?

Dada yako


23 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na presha, kunywa dawa zako. Mimi mzima.

Swali lako limenikera, nakwambia kweli. Hapa hakuna anayechemsha kitu. Hapa si jikoni kwa mama. Unga nautia kwa mikono yangu, kopo moja kwa kila mzigo, ndani ya mashine ya kuchanganyia. Inazunguka dakika tano, mimi nimesimama palepale. Kutoka hapo mchanganyiko unashuka kwenye chumba cha mvuke ili ulainike, nyuzi joto themanini na tano, ndipo unabanwa kuwa vido

Dada. Ngoja.

Nimerudi. Nilikwenda kusoma kibandiko cha kopo, nyuma, maandishi madogo. Unga huu hautakiwi kupita sabini. Kuna aina nyingine inayostahimili mvuke, na hii yetu inatakiwa kunyunyizwa kwenye vidonge vikishapoa. Hatujawahi kufanya hivyo. Miaka minne nimekaa kwenye mashine hii, nimekucheka kwa sufuria moja, kumbe mimi napika kwa tani.

Sasa sijui. Kila gunia limeandikwa "Kina vimeng'enya". Kesho asubuhi namwambia meneja. Naogopa, lakini namwambia. Nitakuandikia jibu lake siku hiyohiyo.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli. "Siku hiyohiyo" yako imetimiza wiki tatu. Nimepiga simu kiwandani mara mbili. Wa kwanza kaniambia umehamishwa. Wa pili kaniambia hakuna mtu kama huyo. Nikamjibu: nyie mna makaratasi, mimi nina mdogo wangu. Nani amjue zaidi?

Mpishi alikuja. Wa mahindi kachukua wote. Wa pili kachukua nusu. Wa vidonge kamshika mmoja, kamrudisha chini taratibu kama mtoto wa mtu. "Mwalimu," kaniambia, "nakupa kundi moja tu zaidi." Vifaranga wanafika Jumatatu, nami sina wa kunitumia kopo jipya.

Lakini barua hii haikufikii wewe kwanza, kwa hiyo wacha niseme na anayeifungua.

Wewe karani uliyecheka: barua ya mdogo wangu ya tarehe 23 ninayo, kwa wino wa kijani, pamoja na vipimo vya banda langu vya wiki sita. Ipeleke hii kwa meneja, na usimsomee, ajisomee. Meneja: mimi nilipochemsha, nilikubali, na kuku wakapona. Wewe nyunyiza unga vidonge vikishapoa, au futa neno "vimeng'enya" kwenye magunia yako, maana kila mfugaji anayeyanunua anajilaumu mwenyewe, anahamisha kuku kutoka upepo hadi upepo kama nilivyofanya. Kisha mpe mdogo wangu kalamu yake. Aandike mwenyewe yuko wapi. Mwandiko wake naujua, msijaribu kuniandikia nyinyi.

Dada yake