Injini Iliyowashwa Bila Maji

Jumatatu, 3 Machi 1997

Injini tatu za boti leo. Zote zimepona. Ya kwanza plagi. Ya pili kabureta imejaa taka. Ya tatu haikuwa na kitu, mwenyewe ndiye hajui kuvuta kamba. Nimemwambia hivyo mbele ya watu.

Tangu magugu ya maji yafunike ghuba hakuna anayejaribu injini ziwani. Kijani mpaka jicho linachoka. Injini zinabebwa mabegani mpaka kwangu hapa ufuo wa Dunga. Nazifunga kwenye gogo, mguu wa injini ndani ya pipa la maji. Kwanza natoa propela. Gia sigusi. Hakuna kusimama nyuma. Hakuna kuwasha ndani ya kibanda, moshi ule unamlaza mtu asiamke. Na bila maji hakuna kuwasha kabisa, maana maji ndiyo yanayopoza chuma. Hayo nilijifundisha mwenyewe. Wale wa mjini wenye karatasi wanakuja kuniuliza mimi.

Desturi ya ufuo wetu ni hii. Injini ikianza kukojoa, ule uzi wa maji unaotoka ubavuni, mwenye injini anaweka mkono. Maji yakiwa vuguvugu kama ya kuogesha mtoto anasema "imekubali" na anaichukua. Bila hivyo haondoki.

Maji ya pipa analeta Nyar Asembo, mke wangu, kutoka bomba la Nyalenda. Ya ziwa yana mizizi, yanaziba. Leo amesema mgongo unamuuma. Nimemwambia mgongo wangu una miaka sitini na nane na haujasema neno.

Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, alituambia tuandike kila siku hata mistari miwili. Mimi nimepita miwili.

Jumanne, 4 Machi

Nyar Asembo hakuleta maji. Amelala. Anasema kama mgongo wangu ni mzuri hivyo nikachote mwenyewe. Mimi sichoti maji. Sijawahi. Pipa lina maji ya kufika kifundo cha mguu tu.

Saa nne akaja Omolo kuchukua injini yake, ile ya nguvu za farasi ishirini na tano. Anavusha abiria kwenda Kendu, ng'ambo ya ghuba. Nilikuwa nimemsafishia kabureta na kubadilisha springi ya kamba. Akaona pipa. Akasema atangoja maji. Watu walikuwa kama kumi pale. Mmoja akasema, "Leo Mzee ameshindwa na bibi yake." Wakacheka.

Iliniuma. Nikasema pipa ni la watu wasio na masikio. Nikaiwasha kavu.

Ilianza kwa mvuto mmoja. Ililia vizuri. Nikafungua mafuta mpaka mwisho isikike hata Milimani. Dakika moja, nilisema. Zilikuwa nne, labda tano. Omolo akaweka mkono ubavuni.

"Baba, haikojoi."

"Itakojoa nini na haijanywa?"

Wakacheka tena, sasa upande wangu. Nikamwambia aweke sikio badala ya mkono. Naye akacheka, akatia mkono mfukoni, akasema imekubali.

Nilipozima nikasikia harufu ya raba. Kidogo. Hakuna mwingine aliyeisikia. Pua kama yangu hawana.

Jumatano, 5 Machi

Ndani ya mguu wa injini kuna raba ndogo yenye mabawa. Hiyo ndiyo inavuta maji. Ikizunguka kavu inaungua. Kufungua na kutazama ni kazi ya saa moja. Raba mpya ipo duka la spea mjini.

Lakini nimwambie Omolo nini? Rudisha, nilikosea? Watu kumi walisikia.

Nilikwenda mpaka kwake. Mke wake, Mama Achieng, alikuwa anachanganya petroli na oili ya safari ya kesho. Yeye ndiye anauza petroli hapa ufuoni. Akanipa uji. Omolo akauliza, "Mzee, umekuja kumwona mgonjwa wako?" Nikasema nimekuja kunywa uji. Nikaunywa. Nikarudi.

Raba ile ni ngumu. Labda imechubuka tu.

Alhamisi, 6 Machi

Omolo ameondoka saa moja asubuhi. Abiria wanane. Walisukuma kwa miti kupita njia iliyokatwa kwenye magugu. Mbele huko akawasha. Nilisikiliza mpaka sauti ikaisha. Nikawaambia watu, mnasikia kazi ya mkono wangu?

Ijumaa, 7 Machi

Boti haijafika Kendu. Upepo umegeuka, magugu yamehama yote na kuziba kule nje.

Sikula.

Jumamosi, 8 Machi

Wamewapata. Abiria wanane wako hai, midomo imepasuka. Omolo hayuko hai.

Mama mmoja muuza samaki aliyekuwa ndani alituambia yote. Walikuwa mbali na ufuo. Injini ikanuka moto. Omolo akatazama, haikojoi. Akasema ni magugu yameziba. Siku hizi kila mtu anasema hivyo, na mara nyingi ni kweli. Akaendelea kidogo wafike mahali peupe asafishe. Ikapiga kelele moja, ikashika. Haikuzunguka tena. Jioni magugu yakawafikia na kuwafunga pande zote.

Jana asubuhi alijifunga kamba kifuani akashuka avute boti. Magugu yale yanaonekana kama shamba. Alipiga hatua sita. Mama anasema alizihesabu. Kisha hakuwepo, na majani yakajirudi kama hakuna mtu aliyepita. Kamba walivuta ikaja tupu.

Mwili ulipatikana leo mchana.

Watu wanasema ni magugu. Mimi sikusema kitu. Nimeandika hapa tu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemzika Omolo. Niliambiwa niseme maneno nikasema alikuwa nahodha mzuri.

Baada yangu akasimama Ojwang', kaka yake mkubwa. Akasema injini ya mdogo wake ilitengenezwa na fundi ambaye ufuo huu wote hauna mwingine, kwa hiyo ubaya haukutoka kwenye injini. Ulitoka kwenye mafuta. Akasema kuna watu wanatia mafuta taa ndani ya petroli. Hakutaja jina. Wote wakamgeukia Mama Achieng, amekaa chini karibu na kaburi, mtoto wa mwisho mgongoni.

Nilisifiwa na nikafurahi. Muda wa kumeza mate. Halafu nikajichukia.

Jumatatu, 17 Machi

Ojwang' ameleta ile injini. Anataka nifungue mbele yake niseme ni mafuta taa. Nimefungua. Pistoni zimeshika. Nikafungua mguu. Raba hakuna mabawa hata moja, imebaki donge jeusi kama ubani uliotafunwa.

Nikasema imekufa kwa joto.

"Joto la mafuta taa," akasema.

Nilinyamaza. Akaona nimekubali. Akanishukuru, ati Mzee asante kwa ukweli wako.

Jumatano, 19 Machi

Jamaa za Omolo wametoa sufuria za Mama Achieng nje. Amepewa mpaka Jumamosi arudi kwao na watoto wanne. Nyumba Omolo alijenga mwenyewe, juzi tu alipiga bati. Wanasema hawawezi kulala boma moja na mtu aliyeua mtu wao. Sokoni Kibuye hawamuuzii hata mboga bila kunong'ona.

Alikuja kwangu. Halii. Alisimama mlangoni.

"Baba, injini unazijua wewe. Niambie tu kama ni mafuta yangu. Kama ni yangu nitaenda, sitasumbua mtu."

Sikumtazama. Nikamwambia arudi Ijumaa. Mimi ni mwoga. Sikuwahi kuandika hilo neno juu yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Nyar Asembo. Alikuwa anapura mtama. Hakuacha.

"Niliisikia ikilia kavu siku ile. Nilikuwa nimelala, sikuwa nimekufa."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema kwani mimi nimewahi kuambiwa kitu nikasikia.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi nilikwenda kwa Ojwang'. Nikasema ni mimi. Niliwasha bila maji, nikaunguza raba, nikanusa, nikanyamaza.

Alicheka. "Mzee, miaka yote unatuambia hujawahi kukosea. Leo huyu mwanamke amekupa nini?"

Huo ndio mshahara wa mdomo wangu. Ukweli nimesema mara moja na haukubaliki.

Nikamwambia alete tangi la boti. Petroli aliyochanganya Mama Achieng bado imo, nusu. Alete na wazee. Mimi nina injini yangu moja, ya farasi nane. Nilinunua nikiwa bado na meno yote. Simwazimi mtu. Hata mwanangu nilimnyima.

Nilichota maji mwenyewe. Safari tisa kutoka bomba la Nyalenda. Wanawake wa bomba walinitazama kama mwizi. Mmoja akaniuliza, "Fundi, umefiwa na bibi?" Nikasema songa, jaza mtungi.

Saa nane wakaja. Ojwang', wazee wanne, na watu wa ufuo karibu wote. Mama Achieng alisimama mbali. Nikatoa propela wote waone. Nikapiga kamba kuzunguka, mtu asivuke. Nikafunga injini yangu kwenye gogo, mguu ndani ya pipa, maji juu ya tundu la kunywea. Mpira wa mafuta nikauchomeka kwenye tangi la Omolo.

Ikakojoa mara moja. Nikaiacha nusu saa. Watu wakachoka, wengine wakakaa chini. Nikamwita Ojwang' aweke mkono. Akaweka. Kama ya kuogesha mtoto. Hakutaka kusema, lakini mzee mmoja alimuuliza na ikabidi aseme. "Vuguvugu."

Nikazima, nikafungua mguu, nikawapitishia raba. Mabawa sita, yote mazima. Kila mzee aliyapinda kwa kidole. Nikarudisha.

Kisha nikaondoa pipa. Mafuta ni yale yale, sikubadilisha kitu. Nikawasha kavu.

Ilikuwa vigumu kusimama pale. Ni chuma, najua. Lakini naijua sauti yake kuliko ya ndugu zangu. Nikafungua mpaka mwisho. Dakika tano, harufu ikaja. Safari hii kila mtu aliisikia. Sikuzima. Mzee mmoja akasema, "Inatosha, baba." Sikuzima. Ikapiga kelele, ikashika. Kimya.

Nikangoja ipoe. Nikafungua. Nikaweka raba yake kwenye kiganja kimoja na ya Omolo kwenye kingine. Donge na donge. Nikampelekea Ojwang'.

Nikasema, petroli ni ya Mama Achieng. Ikiwa na maji, injini nzima. Bila maji, maiti. Mwenye kuwasha bila maji ni mimi. Mliokuwepo Jumanne ile mlinisikia na mlicheka na mimi.

Hakuna aliyecheka. Ojwang' alishika zile raba mbili muda mrefu. Nilidhani atanipiga. Ningekubali. Alizitupa chini, akaenda kwa Mama Achieng, shemeji yake, akasema kitu sikukisikia. Nikaona jamaa zake wawili wanaelekea bomani, na baadaye wakaniambia wamerudisha sufuria ndani.

Mama Achieng hakuenda nao. Alikuja mpaka kwenye kamba. Nilifikiri atanishukuru. Ndivyo nilivyo, hata pale nilifikiri hivyo.

Akasema, "Ulikunywa uji wangu na ulikuwa unajua."

Akaondoka.

Jumanne, 25 Machi

Hakuna injini. Jana pia hakuna. Zinapita hapa mabegani kwenda kwa yule fundi wa karibu na gati. Nimemwona anatumia pipa. Vizuri.

Wazee wameniita. Wamesema nimlimie Mama Achieng shamba lake mvua hii, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, nisitume mtu. Nimekubali. Niliuliza kama yeye amekubali. Wakasema hakukataa.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Ngoma za makanisa toka asubuhi. Mvua kidogo jana, udongo umelainika.

Mama Achieng alipita na watoto wanne, wamevaa nguo za kanisa. Ufunguo wa nyumba yake amefunga shingoni kwa uzi. Nilisimama. Yule mdogo alininyooshea mkono anisalimie kama watoto wanavyosalimia wazee. Mama yake akamshika ule mkono taratibu, wakaendelea na njia.

Nikakaa. Kesho naanza kulima upande wa juu, kwenye mawe.