Nyimbo Zilizopata Wenyewe

Nairobi, 9 Januari 2024

Mwanangu Adut,

Hujambo, na kikohozi kimekuachilia? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika kila nikipanda ngazi za ubalozi wetu hapa. Nyumba yetu ya Nyakuron, hapo Juba, inaendeleaje? Usimruhusu yule muuza chai Janepher aingize tena jiko lake barazani kwangu, hata akilia.

Ile karatasi niliyoifuata nimeiona. Wananiruhusu kurudi kwetu Kerman kumwona mama yangu, baada ya miaka thelathini na moja. Amefikisha themanini na sita, na daktari amemwambia kaka yangu asiahirishe jambo lolote. Lakini kuna sharti. Niape kwa sahihi yangu kwamba sitaimba tena nyimbo zangu, kule wala popote. Nyimbo zangu, Adut! Ule wa wasichana wanaofuma mazulia hadi vidole vinatoka damu, ulionifukuzisha kwetu. Ule wa wanawake wanaoponda mawe huko Gurei, pembeni mwa Juba. Zote arobaini. Bwana mwenye faili alinipa kalamu kwa adabu kabisa, utadhani ananikaribisha chai. Nikamrudishia, nikatoka, nikalia pale ngazini hadi mlinzi akaniletea kiti.

Wamenipa hadi mwisho wa Machi. Nikikataa, sitamwona mama tena. Niambie neno lolote.

Mamako,
Mahrokh


Juba, 21 Januari 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu za wote. Kikohozi kimekwisha, na pole kwa magoti. Jiko la Janepher liko barazani. Nimemfukuza mara mbili, akanijibu, "Adut, mimi iko hapa mpaka mama irudi. Nani atalinda nyumba?" Nimemwachia, kwa sababu chai yake ni tamu.

Barua yako nilimsomea Shangazi Achol kule Gurei, wenzake wakiendelea kuponda mawe. Akacheka, Mama! Nilitaka kumnunia. Kisha akauliza, "Kwani nyimbo ni zake?"

Mimi niliyekulia mezani kwako Pangani, huko Nairobi, tangu mama aliyenizaa alipofariki, mila za kwetu Wadinka nyingi nazijua kwa kuambiwa. Shangazi anasema mtunzi ni kama fundi cherehani. Ukimwomba akutungie wimbo, ukampa kitu, wimbo ni wako. Unautia majina ya watu wako, unauimba wewe, na hata ukifa watu watasema ulikuwa wa fulani. Fundi hatajwi. Basi zipe nyimbo zako wenyewe wapya, Mama, halafu weka sahihi. Utakuwa huna wimbo hata mmoja wa kukatazwa.

Bintiyo,
Adut


Nairobi, 2 Februari 2024

Adut,

Hujambo. Mimi nimekasirika, na hasira inanipa afya.

Hizo ni hila za mawakili. Nizigawe nyimbo leo, halafu nikirudi Juba nizidai kama mwavuli niliouazimisha? Nilifukuzwa kwetu kwa kuimba ukweli. Siwezi kwenda kumbusu mama yangu na uongo mdomoni. Mwambie Shangazi namheshimu sana, lakini hapana.

Kula vizuri. Najua unalala na chai tupu nikiwa sipo.

Mamako,
Mahrokh


Juba, 18 Februari 2024

Mama,

Salamu. Umekasirika hata ukasahau kuyataja magoti, kwa hiyo nahesabu yamepona. Nakula.

Kosa ni langu, nilikueleza nusu. Nilipomsomea Shangazi jibu lako, safari hii hakucheka. Aliweka nyundo chini. "Mwambie si hila. Akishatoa, ametoa. Hataziimba tena, hata akiwa peke yake anaosha vyombo. Sisi tutabadilisha maneno tunavyotaka, na yeye hatatusahihisha."

Nyumba ambayo wewe huimbi jikoni mimi siijui. Nilitaka kukuandikia ukatae.

Lakini wanawake walikuwa wameshaketi kikao. Kila mmoja ametaja wimbo anaouomba na kitu atakachotoa. Shangazi anauomba ule wa mawe, na ametoa mbuzi dume. Tumemfunga uani kwako, na tayari ametafuna kitambaa cha meza cha Janepher. Nyamuoch, yule aliyeozwa akiwa na miaka kumi na minne, anauomba ule wa mazulia. Nikamwambia yeye hajawahi kuliona zulia likifumwa. Akasema vidole ni vidole.

Mimi sijaomba wimbo. Ninachotaka ni umshike mama yako mkono. Yule aliyenizaa nilimshika mara chache sana, na bado najilaumu. Nakupenda, Mama. Amua wewe.

Bintiyo,
Adut


Kerman, 30 Mei 2024

Mwanangu Adut,

Nakusalimu nikiwa uani kwa mama yangu, na mimi na yeye tunapumua vizuri. Nisamehe kimya hiki kirefu. Ule ujumbe wangu wa simu siku niliyotia sahihi, "Wape zote. Naenda," ndio nguvu zote nilizokuwa nazo.

Siku niliyofika mama aliniambia, "Haya, imba. Nimengoja vya kutosha." Nikamwambia sina wimbo, zangu zote zina wenyewe Juba. Nikamweleza habari za Shangazi Achol, na za mbuzi pia. Nilidhani atalia. Badala yake alivua hereni moja, akaniwekea kiganjani. "Basi nitungie wangu."

Nilitunga siku tisa, naye akinikosoa kila siku. Alitaka humo majina ya watoto wake wawili waliokufa kabla sijazaliwa, ambao nyumbani kwetu hawakutajwa kamwe. Sikumwimbia hata mstari mmoja. Nilimsomea maneno, sauti akaitafuta mwenyewe. Na sauti yake ni mbaya, Adut! Inakwaruza. Maisha yake yote hajawahi kuimba mbele ya mtu.

Mimi nilidhani kunyamaza kutaniua. Kunaniuma, sikufichi. Asubuhi naamka nikiwa na wimbo wa Nyamuoch kooni, naumeza.

Jana alasiri tulimtoa mama nje, hapa uani, akauimba wote peke yake. Kaka yangu aliinuka kufunga lango, majirani wasisikie. Mama akamwambia aliache wazi. Wakaja wanawake watatu, kisha wengine, wakasimama pale mlangoni na mikono vifuani. Alipomaliza kuyataja yale majina mawili, jirani mmoja wa zamani aliyenikumbuka aliniinamia akaniuliza taratibu, "Huu wimbo ni wako?"

Nikamwambia, "Hapana. Ni wake."

Mamako,
Mahrokh