Boke, Miti Yako Iko Shambani Kwangu

Mpendwa mke mwenzangu Boke,

Wamekuja tena leo. Wanawake wa upande wa Homa Bay, wamefunga leso zinazofanana, wakauliza njia kuanzia kule senta ya Karungu: "Kwa Boke ni wapi?" Mimi nilikuwa uwanjani nikianika omena, dagaa wa ziwani kwetu. Nimekaa katika boma hili tangu mume wetu akiwa kijana asiye na hata baiskeli, lakini anayeulizwa barabarani ni wewe, uliyelala chini ya udongo upande wa kushoto wa nyumba.

Basi nimeamua kukuandikia, na barua hii sitaificha. Atakayetaka kuisoma aisome. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombana kwayo. Wewe Mkuria, mimi Mjaluo, hatukuwa na nyingine ya kutupiana maneno. Unakumbuka uliniuliza kwetu mke mwenza anaitwaje? Nikakuambia nyieka. Ukauliza, na wivu je? Nikakuambia nyiego. Ulicheka mpaka ukaketi chini. Ukasema Wajaluo hawafichi kitu.

Sikuficha, kweli. Siku mume wetu alipokuleta kutoka upande wa Kehancha, nilikupokea kwa uji, na nilihakikisha umepoa. Uliunywa wote. Kisha ukaingia jikoni kwangu kurudisha kikombe, ukatazama mafiga yangu matatu na kuni nilizozipanga kila upande, ukapangusa machozi ya moshi.

"Mama Akinyi," ukasema, "huu moto yako inakula kuni mingi sana."

"Kuni zangu, macho yangu," nikakujibu.

Hukuwa na mwezi kamili hapa ulipoanza kuchimba udongo wa kichuguu. Ukaukanda na mavi ya ng'ombe na nyasi kavu, ukaujenga kuzunguka vipande vya mgomba, na ulipokauka ukavitoa vile vipande, na jiko likabaki na mdomo mmoja wa kuni na mahali pa sufuria mbili. Ugali upande huu, mboga upande ule, na moshi ukitokea nyuma kwenye tundu la ukutani. Mimi nilikuwa napanda kilimani kutafuta kuni karibu kila siku, mgongo ukiniuma. Wewe ulikusanya vijiti vya uani, vikakutosha. Ungejua jinsi nilivyokuwa nikitazama paa la jiko lako asubuhi, nikingoja nione moshi mzito kama wangu! Sikuuona.

Nilichokiona ni mume wetu akielekea kwako kula. Aliniambia ni kwa sababu chakula chako huwahi. Huenda ni kweli. Lakini na shati lake siku hizo lilikuwa halinuki moshi, na alilinusa mbele yangu akitabasamu, mjinga yule.

Halafu wakaja majirani. Hawakuja kusalimia, walikuja kutazama. Ukawaonyesha namna ulivyokunja bati kuukuu likapeleka maji ya mvua kwenye pipa. Ukawaonyesha shimo la maganda na majivu, ambalo baada ya mvua lilikupa mbolea nyeusi, na migomba uliyokuwa ukiinywesha maji ya kuoshea vyombo. Wakirudi kutoka sokoni na karatasi za nailoni uliwauliza kikapu kimepotelea wapi. Hawakukasirika! Ningesema mimi, wangesema Mama Akinyi ana mdomo. Uliposema wewe, kwa kile Kiswahili chako kilichovunjika, walienda nyumbani wakatafuta vikapu.

Nami nikaendelea na mafiga yangu. Kila mtu na lake.

Chemchemi ndiyo ilinikera zaidi. Ile sehemu ya bondeni nilipewa na mama mkwe kabla hujajulikana hapa, na maji yake yalikuwa yakipungua kwa sababu ng'ombe waliyakanyaga na kingo zilibaki tupu. Ulikuja kuniomba ruhusa ya kupanda miti. Nilikuwa nikipalilia, sikuinua uso.

"Panda," nikasema. "Lakini usije ukasema ni yako."

Mume wetu alitaka mikalatusi, kwa sababu inakua haraka. Ukamwambia inakunywa maji. Ukapanda siala, ile miti yetu mirefu iliyonyooka yenye maua ya njano, ukaizungushia miiba ng'ombe wasiifikie, na wanawake wa kijiji kizima wakakusaidia wakiimba. Niliwasikia nikiwa jikoni. Nilikuwa nimepika, na hakuna aliyepita kuonja.

Miti ikakua. Kisha gugumaji likaja likaufunika ufuo wa ziwa, mitumbwi ikakwama, samaki wakaadimika, na biashara ya mume wetu ya kupeleka samaki Migori ikaanguka. Wakati huohuo wewe ukaitwa kwenu kumzika mama yako. Na mara tu ulipoondoka, akaja mtu kutoka Osiri. Alikuwa akitafuta magogo ya kushikilia mashimo ya dhahabu yasiwaangukie wachimbaji, na mume wetu akampeleka bondeni moja kwa moja.

Nilisikia shoka nikiwa nachagua maharagwe. Nakuambia ukweli wangu, Boke: nilitulia. Nilifikiri, acha ianguke, tuone sasa wataimba nini. Nikashuka polepole nikashuhudie. Mti mmoja ulikuwa umeshalala, maua yake yakielea kwenye maji. Mtu wa Osiri akamuuliza mume wetu kama hakutakuwa na matata nyumbani.

"Boke atalia," mume wetu akajibu. "Lakini nitamnunulia kitenge kipya, atanyamaza."

Kitenge! Mimi nilimzalia watoto wake, nikamuuguza mama yake mpaka dakika ya mwisho, na sijui rangi ya kitenge alichowahi kuninunulia. Wewe ukikatiwa miti unapata kitenge, na usipokatiwa unapata sifa. Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni. Nikapita katikati yao nikaegemea mti uliokuwa ukifuata.

"Hapa haukatwi mti," nikasema.

Mume wetu akacheka. "Wewe tangu lini unapenda hii miti?"

"Siipendi. Lakini shamba ni langu, nilipewa na mama yako. Na huyu mgeni akitaka kesi ya shamba, twende naye kwa chifu sasa hivi."

Wale vijana wenye shoka wakatazamana. Mtu wa Osiri alisema yeye hanunui ugomvi wa watu, akachukua ule mmoja uliokatwa na kuondoka.  Mume wetu alikula kwa ndugu yake mpaka uliporudi.

Uliporudi hukuja kwangu kwanza. Ulishuka bondeni ukiwa bado na vumbi la safari na nywele zimenyolewa kwa msiba. Kisha ukapanda, ukasimama mlangoni mwa jiko langu.

"Asante, Mama Akinyi."

"Sikufanya juu yako."

"Najua," ukasema. "Wameniambia ile maneno ya kitenge."

Tukatazamana. Wewe ulianza, kisha nami, tukacheka mpaka moshi ukatupalia na tukatoka nje tukishikana mabega, wewe uliyetoka kumzika mama yako ukicheka na kulia kwa pamoja. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani niliyewahi kucheka naye hivyo. Hilo nalo linaniudhi.

Ulitaka kunijengea jiko. Nilikataa, nikajijengea mwenyewe, mdomo nikauweka upande wa kulia lisifanane na lako. Likafuka moshi kuliko mafiga. Ukaja bila kuitwa, ukachukua kijiko, ukalikwangua koo mpaka likapumua, ukaenda zako. Hukuwahi kumwambia mtu. Ungesema tu, ningekuwa na sababu ya kukuchukia vizuri.

Kiangazi kilichofuata visima vya jirani vilikauka, na watu walitoka mbali kuchota bondeni kwangu. Walipaitaje? Kwa Boke. Mti mmoja mmoja uliobaki niliuokoa mimi kwa mgongo wangu huu, na wakapaita kwa Boke.

Halafu homa ile. Mume wetu alikupeleka hospitali Homa Bay ukiwa huwezi kuinua shingo, na alirudi peke yake. Wakuria wenu wakaja, majirani wakaja, wengine hata sikuwajua. Kila aliyesimama alisema kitu ulichomfundisha. Sijawahi kuona watu wengi hivyo kwa ajili ya mwanamke. Nilikaa karibu na jeneza nikawaza, nikifa mimi nani atasimama? Hata katika kufa ulinitangulia, wewe mdogo.

Wale wageni wa leo niliwakaribisha. Niliwaonyesha jiko, pipa, shimo la mbolea na bondeni, na nilieleza vizuri kuliko ulivyokuwa ukieleza, maana Kiswahili changu ni safi zaidi. Hilo ulijue.

Nina habari moja. Juma lililopita mume wetu alininong'oneza kwamba anafikiria kuoa tena. Amemwona binti fulani, na nyumba yako iko tupu, kwa nini isitumike. Nilihisi lile joto masikioni, nikadhani ni wivu wangu wa siku zote. Haukuwa huo. Mimi alishanizoesha. Niliona wivu kwa niaba yako, Boke, kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa umekaa pale ukisikia.

Nimemwambia amlete akitaka, na amjengee nyumba yake upande wa barabara. Nyumba yako ina mwenyewe. Kisha nikachukua kitanda changu na masufuria yangu, nikahamia humo. Naandika nikiwa nimeketi mahali pako.

Kwaheri, nyieka.

Mke mwenzio mkubwa,
Mama Akinyi