Kopi Tatu za Andalio Moja

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako nikiwa nimejaa furaha, ila kuna karatasi moja mezani inaniharibia siku. Mimi ni mwalimu mkuu, mwaka wangu wa kwanza, na tulikubaliana wote kwamba kabla ya kufunga shule kila mtoto wa madarasa matatu ya chini asome ukurasa mzima peke yake, basi mimi kwa kiherehere changu nikawaandikia walimu wote andalio moja la somo, dakika kwa dakika, nikawa napita madirishani na saa mkononi. Juzi nachungulia darasa la tatu, nakuta mwalimu tunayemwita Mlingoti kalikunja andalio langu kaliweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, watoto wanacheza duka na maboksi matupu ya sabuni, na Shangazi, yule mtoto ambaye mwaka mzima hajatamka hata silabi alikuwa anasoma boksi kwa sauti, mpaka pale kwenye “isiguse macho”, nikalia pale pale dirishani. Nikakimbia ofisini, nikaandika kila alichofanya Mlingoti, nikatoa kopi, kesho yake kila darasa likawa na duka. Nilidhani watanibeba juu juu. Badala yake mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye watoto wake walikuwa mbele kuliko wote, kaniletea fomu ya uhamisho, kasema kwa upole tu, “Mwalimu mkuu, mimi nafundisha kwa kuimba.” Mume wangu anasema nisaini yaishe. Nisaini?

Mwenye Furaha Iliyokwama

Mdogo wangu, hongera. Hilo boksi la sabuni nimelisoma mara mbili na mara zote nimefuta macho. Moyo unao, masikio ndiyo sina hakika. Mlingoti kafaulu kwa kuiacha karatasi yako, na wewe papo hapo ukamgeuza yeye kuwa karatasi. Huyo dada wa darasa la kwanza hajalikataa lengo, kachoka kuvalishwa njia ya mwenzake. Mimi ningeleta fomu mbili.

Usisaini. Wala usiichane mbele yake kwa mbwembwe, nakuona ulivyo na moto. Kesho iache saa kwenye droo, ingia darasani kwake, kaa benchi la nyuma magoti yafike kidevuni, unyamaze mpaka kipindi kiishe. Ukishindwa kunyamaza, imba nao. Kisha muulize ni watoto wangapi bado hawajaufikia ule ukurasa, na anahitaji nini kutoka kwako. Akisema ngoma, tafuta ngoma. Na mwalimu wa darasa la pili, ambaye hukumtaja hata kwa neno moja, huenda ana njia yake na anaificha akiogopa utaitolea kopi. Nenda kwake pia. Ukurasa ubaki ule ule na tarehe ile ile, hapo usimlegezee mtu.

Halafu mrudishie dada fomu yake mkononi, mwambie, “Amua mwenyewe.” Usiongeze neno. Ukipita dirishani kwake wiki ijayo ukaikuta imekunjwa chini ya mguu wa meza, ujue sasa umekuwa mwalimu mkuu.