Nimembeba Mama Yako

Mama Masalu,

Sijui kama huko uliko mnapata habari za Bariadi, kwa hiyo nakuandikia mwenyewe kabla wambea hawajaniwahi: nimembeba mama yako mgongoni. Mimi, mkwe wake, mchana kweupe. Usicheke kwanza, ngoja nikueleze.

Unajua tulivyoishi. Miaka yote mama alikaa kwenye nyumba yake ndogo uani, nami nikapita mbali, uso pembeni, kama adabu yetu inavyotaka kwa mkwe. Mlangoni kwake sikuwahi kukanyaga. Akitaka jambo anakutuma wewe: "Mwambie baba Masalu paa linavuja." Nami nimesimama nyuma ya jiko, nasikia kila kitu, hata hujanifikia nimeshapanda ngazi. Ulikuwa unatucheka sote wawili.

Ulipoondoka tukabaki bila wa kutusemea. Mama akaanza kumtuma mbuzi. "Wewe mbuzi, mwambie baba Masalu maji yameisha." Naapa. Nilikuwa nacheka, halafu machozi yananitoka, maana pale katikati palikuwa pako.

Masalu aliporudi chuoni, miguu ya mama ikakataa kabisa. Siku moja akaanguka ndani. Nikamsikia analia. Nikasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, nikashindwa kuingia. Nikakimbia kumwita jirani yetu Mama Nkwimba, kumbe yuko sokoni. Mama alikaa sakafuni mpaka jirani alipopatikana. Hapo nikajiona sifai, nikaanza kuulizia makao ya wazee.

Ya karibu yalikuwa yamejaa. Nikaelekezwa kwa masista, mbali huko milimani, upande wa Mbulu. Nilipiga simu nikauliza kama wanawake wanaogeshwa na wanawake wenzao, na kama wanaweza kumpikia michembe yake. Sista hakuijua, akasema tukija na hivyo viazi vikavu atavichemsha. Nikaona hapo panafaa.

Tukaenda. Mama na Mama Nkwimba nyuma, mimi mbele na dereva. Kwenye kifurushi chake mama alikuwa amefunga kanga zako.

Mvua ilikuwa imenyesha kule, gari likagoma kwenye kilima cha mwisho. Mama Nkwimba akajaribu kumwinua mama, akashindwa. Manyunyu yakaanza tena. Ukungu, baridi, na mtu mwenyewe amezoea jua letu. Nikamwona anatetemeka.

Nikachuchumaa, nikampa mgongo. "Mayu, panda," nikamwambia, kama ulivyokuwa ukimwita wewe. Akakaa muda bila kunigusa, nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha nikasikia mikono yake shingoni. Ni mwepesi, mke wangu. Mwepesi mpaka niliumia moyo.

Masista walitupokea vizuri, sina neno nao. Chai ya moto, kitanda karibu na dirisha, mablanketi mazito. Sista akamuuliza mama kama amepapenda. Mama akanigeukia mimi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nikuoe, akaniita jina langu.

"Kulwa, umeshanibeba. Sasa huku nimekuja kufanya nini?"

Tulimaliza chai, tukashukuru, nikambeba tena kushuka.

Sasa Mama Nkwimba anakuja kumwogesha. Hilo bado si langu, usiwe na wasiwasi. Mengine yote ni yangu. Namtoa juani, namwingiza, namkorogea uji, na ananitazama machoni, ananiambia mwenyewe kwamba uji una mabonge. Wazee wa ukoo wamenitoza mbuzi kwa kuvunja mwiko. Mama akakataa katakata asichinjwe yule aliyekuwa akimtuma, eti ametutumikia. Ikabidi nitafute mwingine.

Nimekukumbuka, Kabula. Nilikuwa nimejiandaa kuja kukuambia kaburini kwamba mama yako nimemwacha kwenye baridi ya watu, na nilikuwa sijui ningeanzia wapi.

Pumzika. Ile kazi yako ya kusimama katikati yetu nimeipokea. Mama akiita, sitasimama tena mlangoni. Nitaingia.

Mumeo,
Kulwa