Tezi ya Wening

Kijiji cha Karangsuru,
Banyumas.
9 Agosti 2019

Mpendwa mdogo wangu Kuswati,

Assalamu alaikum. Huko Taiwan joto limepungua? Na yule bibi unayemtunza, bado anakusumbua kumwinua? Usiuharibu mgongo wako. Sisi tunaendelea vizuri, ila nina habari za mwanao. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungelia, nami ningekuficha nusu.

Tangu Ramadhani Wening amebadilika. Anavaa sweta juani, sauti imekuwa nzito, anasinzia darasani. Zamani akishaongezewa damu kwa ule ugonjwa wake wa damu alikuwa anarukaruka siku kadhaa. Sasa anajilaza tu. Ana miaka kumi na mmoja na sare ya darasa la tatu bado inamtosha.

Nilimshuku Bu Darkem, jirani yetu muuza tempe za soya. Nilidhani anamlisha maini kwa siri, na tulishakatazwa vyakula vyenye madini mengi ya chuma. Nikaenda kumhoji. Akanitazama, akasema, "Tursinah, mtoto huyu hamalizi hata kipande kimoja cha mendoan, tempe yangu ya kukaanga. Mimi nilidhani wewe ndiye humlishi." Mpaka leo tunasalimiana kwa shingo upande.

Nikamgeukia Wening mwenyewe. Nilimvizia, nikapekua mkoba na chini ya godoro, nikidhani anatupa dawa. Sikuona kitu.

Hospitalini daktari alimtoa damu vichupa viwili. Hata huyo nilimshuku: mtoto anaongezewa damu kila mwezi, wao wanamtoa tena? Majibu yalipokuja akanieleza kwamba chuma cha damu anayoongezewa kimejaa kwenye tezi ya shingoni, tezi imelegea, na ndiyo inayoendesha joto la mwili na kukua kwake. Kisha akauliza ile dawa ya kutoa chuma anakunywaje.

Nikasema naiyeyusha kwenye maji, anakunywa mbele ya macho yangu.

"Na unga unaobaki chini ya glasi?"

Wening ndiye aliyejibu, taratibu kabisa: "Mama mkubwa huwa anausuuza na kuumwaga."

Kumbe unga ule nao ulikuwa dawa. Miaka miwili, Kuswati. Kila asubuhi, kwa mkono wangu.

Daktari anasema si glasi peke yake, hata watoto wanaomaliza dawa yote hupatwa. Huenda ni kweli. Mimi naona alinihurumia tu. Amempa kidonge kingine cha tezi, anameza alfajiri kabla ya kula, na tutapima tena baada ya wiki sita.

Wening aliniomba nisikwambie. Nimekwambia. Ukitaka akae kwa ndugu za baba yake, sitabisha.

Wasalimie wenzako wa hapo. Mama anakusalimu sana, na Bu Darkem pia, nadhani. Mungu akulinde kazini na akurudishe salama.

Wening hajambo kidogo. Jana alilivua sweta. Ila siku hizi haniachii glasi. Anaikoroga mwenyewe, anakunywa, anaongeza maji, anakunywa tena, halafu anaiinua dirishani kuikagua, huku akinitazama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Tursinah