Kitambaa Kisichofuliwa

Jumatatu, 7 Julai
Uji, kisha dawa ya nyonga. Mjukuu wangu Pendo kaenda mjini, kafunga geti, ufunguo kaondoka nao. Mimi mbuzi? Eti nikianguka tena nani ataniokota. Nimemlea mimi, leo ananifungia hapa Shinyanga. Ijumaa akimaliza kupima sabuni ya unga anayoitengeneza atanipeleka Masumbwe. Jumamosi mdogo wangu Kabula anaozesha binti huko. Mama mkubwa ni mimi. Nisipokuwepo ni harusi gani hiyo?

Jumanne, 8 Julai
Nimechungulia chumba anachokiita maabara. Mabeseni, mizani, vitambaa vyeupe vya kipimo kimoja. Kavipaka tope jekundu la machimboni, maana wachimbaji ndio wateja. Kila kitambaa na sabuni yake, maji sawa, dakika sawa. Kisha anavianika dirishani kwenye mwanga, anavilinganisha. Kazi ya mtu mzima hiyo?

Jumatano, 9 Julai
Kaacha kitambaa kimoja kichafu vile vile dirishani, njia nzima inaona. Jirani Mama Zawadi akapita: "Bibi yake Pendo! Watengeneza sabuni mmeishiwa sabuni?" Akacheka mpaka kwake. Aibu. Nyumba yenye mwanamke haianiki uchafu. Nimekishusha nikakifua kwa sabuni ya mche. Kimetakata.

Alhamisi, 10 Julai
Pendo kalia. Kumbe kile hakifuliwi makusudi. Ndicho cha kulinganishia. Bila hicho hajui sabuni ipi imetoa uchafu kiasi gani. Kipya hakitafanana na vile vya zamani, kwa hiyo anaanza upya vyote. Na tope lazima likae kwenye kitambaa siku kadhaa kabla ya kufuliwa.
"Bibi, si nilikwambia usiguse kitu?"
Alisema. Nilidhani ni mizani.

Ijumaa, 11 Julai
Hatuendi. Mwenye duka la jumla atakayeuza sabuni anataka majibu, Pendo anatafuta vitambaa na tope upya, hawezi kuiacha kazi. Nimeomba ufunguo nipande basi peke yangu. Kakataa. Nimemwita mkaidi. Nimegoma kula. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mikono yangu.

Jumamosi, 12 Julai
Kabula kapiga simu, vigelegele nyuma yake. "Dada, uko wapi?" Nikasema nyonga. Sikusema kitambaa.
Alasiri Pendo kaleta vitambaa vipya na ndoo ya tope. Peke yake hawezi. Nimevuta kigoda, nikaanza kupaka. Maisha yangu yote nilikuwa nalitoa.
Pendo kasema kimoja hakijaenea vizuri. Nimekirudia.